Njia ya Kuzunguka Shamba la Maboga

Mama mkubwa Godelive hakuhitaji spika. Kila Jumatano na Jumamosi alitua kitunga chake pale soko la Nyawera, mjini Bukavu, akaivua ile kamba iliyomkaza paji la uso tangu kijijini Mumosho, akakohoa mara moja, kisha akaanza.

"Boga, boga! Boga ya Mumosho! Iko na jua ndani! Inakataza mwili kuota kutu, inalinda macho, inalinda moyo! Maman, usipite tu hivi, macho yako iko inalilia boga!"

Watu walicheka, wakasimama, wakanunua. Wapishi wa majumba ya kando ya ziwa walimjua kwa jina. Kulikuwa na mke wa daktari mmoja aliyemtuma dereva kila Jumamosi kuchukua boga lenye nyama ya rangi ya chungwa kuliko yote. Nilipokuwa mdogo boga tulilifunika mgeni akiingia, maana lilikuwa chakula cha walioishiwa. Sasa lilikuwa likipandishwa kwenye magari yenye vioo vyeusi.

Maneno yale ya sokoni nilimpa mimi. Sijisifu. Kama maneno yangekuwa ya kurudishwa, ningeyarudisha leo kabla sijanywa chai.

Mimi ni Francine, mtoto wa mdogo wake. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi moja ya mambo ya lishe hapa Ibanda, kabla haijafungwa, wakubwa wake wakapanda ndege. Kazi yangu ilikuwa kuweka karatasi za Kifaransa katika Kiswahili. Ndipo ikaja karatasi ya maboga na jamaa zake wote, mamung'unye, matango na matikiti, na ndani yake neno "antioxydant" limekaa kama jiwe kwenye mchele. Nilihangaika nalo siku mbili. Mwishowe nilielewa hivi: mwili, kwa kuishi tu, kwa kupumua na kula, hujichakaza wenyewe kidogo kidogo, kama bati linavyoota kutu. Rangi ile ya chungwa iliyomo ndani ya boga ni mojawapo ya vitu vinavyosaidia kuzuia uchakavu huo. Tena mwili huichukua rangi hiyo hiyo ukaigeuza kuwa vitamini A, na bila vitamini A macho huanza kushindwa pale mwanga unapopungua. Majani yake yanayo pia, ukiyapika na mafuta kidogo.

Nilimweleza mama mkubwa nikimwonyesha bati la jiko lake, lililokuwa limetoboka. Alisikiliza huku kinywa kiko wazi.

"Sema ile ya macho mara ingine," aliniambia.

Nilirudia. Wiki iliyofuata nilipita Nyawera nikamkuta anaimba yote, tena kwa mpangilio mzuri kuliko wangu. Nilijiona nimefanya jambo kubwa maishani.

Ili umwelewe mwanamke huyu ni lazima ujue maboga yalikuwa nini kwake. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na minne. Mwaka ule wa kukimbia vita, aliporudi na watoto kutoka msituni, nyumba ilikuwa haina mlango, mbuzi hawapo, hata sufuria zimechukuliwa. Lakini maboga yalikuwa yamelala chini ya majani, yale yale aliyoyaacha, yamenona. Hakuna mwanajeshi aliyejisumbua kubeba boga. Aliwalisha watoto maboga kwa wiki sita, na wote wanne waliokuwa wamebaki wakapona. Tangu siku hiyo aliliheshimu lile shamba jinsi watu wengine wanavyoheshimu altare.

Na shamba lake lilikuwa na sheria. Boga changa halionyeshwi kwa kidole. Ukitaka kulionyesha, unakunja ngumi. Nikiwa na miaka saba nilinyoosha kidole nikapigwa kofi ambalo nalisikia mpaka leo. Sheria ya pili ilikuwa kubwa zaidi: mwanamke mwenye mimba haingii kati ya maboga, wala haruki mashina yake yaliyotambaa. Akiingia, maboga machanga yanageuka manjano na kuanguka.

"Mimba mbili haikae mu shamba moja," alisema. Hizo sheria mbili wamama wengi wa huko wanazijua. Ya tatu sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine, nadhani aliipata kwa mama mkwe wake: kwamba mwenye mimba akila boga au majani ya shamba lile, ni sawa na kuingia kwa miguu.

Wenzake walikuwa wakingoja shamba likomae, wanavuna, basi katazo linakwisha. Yeye alikuwa mjanja. Alipanda kidogo kila baada ya wiki tatu, ili upande wa chini yawepo yaliyokomaa na upande wa juu yawepo machanga, na asikose cha kubeba sokoni. Kilimo kizuri, kila mtu alimsifu. Ila kwa njia hiyo shamba halikukosa machanga hata siku moja, na kwa mwenye mimba wa nyumba ile katazo halikuwa na mwisho.

Mwenye mimba huyo alikuwa Rosette.

Rosette ni mke wa Mugisho, kitinda mimba wa mama mkubwa. Mugisho alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Misisi, na simu yake ilikuwa inapatikana ikitaka. Rosette alikuwa amepoteza mimba mbili, moja ya miezi minne, nyingine ya mitano. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa saba. Nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa vidole. Mama mkubwa alimkataza kubeba kuni, alimchemshia maji ya kuoga, alimwombea rozari kila alfajiri. Usiniambie hakumpenda. Alimpenda na alitaka yule mtoto kuliko alivyotaka uzima wake mwenyewe.

Lakini chakula chake kilikuwa bugali wa muhogo na maharage, na siku maharage hayapo, bugali na chumvi.

Nilikwenda kuwaona mwezi wa kumi na mbili. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima, Rosette alisimama kuchukua sahani, akaligonga lile jiwe la kukalia, akapapasa ukuta, akaukosa mlango kwa hatua nzima. Mimi nilicheka. Nasema tena ili niaibike vizuri: nilicheka.

"Dada, umelewa kasiksi?" nilimwambia.

Naye akacheka, akakaa chini pale pale alipo. Mama mkubwa alininong'oneza kwa hasira, "Iko hivi kila siku. Mangaribi ikifika tu, anakaa. Kazi ya mangaribi haitakake. Uvivu tu."

Karatasi ile niliitafsiri mimi. Sentensi ile ya macho na mwanga unaopungua niliiandika kwa mkono wangu. Nilikula bugali wao nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Baada ya misa nilikutana na infirmier Edouard, muuguzi wa kituo cha afya cha pale, na kwa kupiga soga nikamsimulia namna Rosette alivyougonga ukuta. Nilitaka tucheke wawili. Edouard hakucheka.

"Mchana anaonaka muzuri?" aliuliza.

"Muzuri kabisa."

"Na mangaribi hapana. Iko na mimba ya miezi ngapi?"

"Saba."

"Francine, ile haiko uvivu. Vitamine A imemuishia, mutoto mu tumbo naye anaivuta. Vidonge ilisha kwisha kwetu tangu mwezi wa kumi, sijui itarudi siku gani. Apewe majani ya muhogo, ile sombe, na mafuta ya mawese. Apewe maboga. Kwani kwa ile nyumba kunakosaka maboga?"

Nilirudi nyumbani kwa mama mkubwa karibu nikikimbia, na viatu vya misa nikavibeba mkononi.

Nilimkuta anayapangusa maboga ya Jumatano kwa kitambaa, moja moja. Rosette alikuwa jikoni, mlango wazi, akisikia kila neno.

"Mama mukubwa, Rosette haonake mangaribi. Macho yake iko nagonjwa. Edouard anasema ni vitamine, ile ile unaimbaka kule Nyawera."

"Ile iko maneno ya bantu ba muji," alijibu bila kuinua kichwa. "Bale banakaa mu kiti kutwa nzima, njo maana mwili inaota kutu. Rosette iko mutoto ya shamba."

"Umupe boga. Leo hii."

"Iko na mimba."

"Njo maana umupe!"

Aliweka kitambaa chini. "Francine, wewe ulisoma, lakini haujazaa. Mi nilizaa mara munane, sikuingia mule hata mara moja, sikuonja hata jani. Haya maboga njo italipia Rosette mu maternité, bamuache atoke. Ikianguka, tutabakia na nini? Unataka mimi nichague, boga ao mutoto?"

Jibu lilikuwa hapo hapo kwenye swali lake, yeye akiwa amelishika kwa upande usio wake. Nilipiga kelele. Nilimwambia mganga hajigangi, kweli, lakini hata mganga hukubali kumpa dawa mgonjwa wa nyumbani mwake. Nilimwambia mke wa daktari anakula macho ya Rosette kila Jumamosi kwa kijiko. Maneno mabaya, lakini siyafuti.

Ni Rosette aliyetunyamazisha. Alitokea mlangoni, mkono chini ya tumbo.

"Muache kugombana, maman. Nitavumilia. Imebakia tu miezi mbili."

Mama mkubwa alimtazama kwa muda. Nadhani kwa mara ya kwanza alimwona kweli, shingo iliyokonda, macho makavu yasiyong'aa. Akasema kwa sauti ya chini, "Pesa ya Jumatano ni ya kulipa deni. Jumamosi, siku ya posho, nitamununulia ya mwingine. Boga ya shamba ingine haina neno."

Yaani mwanamke mwenye shamba la maboga angekwenda Bukavu kununua boga. Ningepaswa kucheka, au kulia. Nilisema sawa. Nilikuwa nimechoka kugombana, na gari la kurudi mjini lilikuwa likipiga honi barabarani. Ningeweza kushuka kwa jirani mchana ule ule nikanunua boga nikalipika mwenyewe. Miguu nilikuwa nayo, moto ulikuwa umeshawaka. Nikapanda gari.

Jumamosi hiyo nilikwenda Nyawera kuhakikisha. Mama mkubwa aliuza maboga yake yote kabla ya saa saba, kisha akaenda kwa mwanamke mmoja wa Kabare akachagua boga kama anayechagua ng'ombe. Aliligonga, akalinusa, akalipima kwa mikono. Wenzake walimdhihaki, "Godelive, kwako yameota miguu?" Akaliweka peke yake kwenye kitunga, akavuta kamba juu ya paji la uso, akanitazama.

"Umefurahi?" aliniuliza.

Nilifurahi, ndiyo. Nikamwambia alipike na mafuta ya mawese, nikamnunulia chupa ndogo.

Mvua ilimkuta njiani. Lori alilopanda lilizama kwenye tope, wakakaa hapo mpaka jua likaelekea kushuka, kisha akaamua kutembea.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na Apolline, jirani wa upande wa juu. Rosette aliona mama mkwe hajarudi na maji yameisha. Alijua hali yake, kwa hiyo alitoka jua likingali juu, na dumu la lita tano tu. Lakini kisimani kulikuwa na foleni kwa sababu bomba la chini lilikuwa limekufa, na zamu yake ilipofika mwanga ulikuwa umekwisha kupungua. Wengine waliona bado ni mchana. Yeye alikuwa gizani.

Kutoka kisimani kwenda nyumbani kuna njia mbili. Moja inakata katikati ya shamba la maboga, tambarare, hatua mia moja na hamsini, hata mlevi anaipita. Nyingine inazunguka juu, kwenye ukingo, na kwa siku ya mvua ukingo ule ni sabuni. Apolline alimwona amesimama pale njia zinapoachana. Akampigia kelele apite chini.

"Nilimuambia, Rosette, pita mu maboga, Godelive haiko, nani atakuona?" Apolline alinisimulia huku akilia. "Akaniambia, hapana, mama Apolline, maboga itaanguka. Akapanda juu, anapapasa na muguu kama mutu anatafuta chini mu maji."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Rosette alilisikia la mkuu, akalitii peke yake, hakuna wa kumwona. Aliteleza pale ukingo unapopinda, akadondoka urefu wa watu wawili, akaangukia shambani, katikati ya yale machanga. Apolline aliposhuka alimkuta ameshatambaa karibu shamba lote kwa magoti na viganja, akivuta majani, akiita, "Maman, nimeingia. Nisamehe, nimeingia." Damu ilikuwa inaonekana juu ya majani.

Wanaume wanne walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti. Barabarani, kabla ya kituo, wakakutana na mama mkubwa anapanda kilima na kitunga chake mgongoni, ndani yake boga moja.

Mtoto alizaliwa kabla ya usiku kuingia sana. Msichana. Alilia mara moja, sauti ya paka mdogo, na Edouard akamfunga kwenye kifua cha mama yake kwa sababu kifaa cha kumpasha joto hakikuwepo. Mimi nilifika alfajiri kwa pikipiki. Mtoto alikuwa amekwisha kuacha kupumua, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa pale kifuani.

Mama mkubwa hakuwa chumbani. Nilimkuta nyuma ya kituo, kwenye mafiga ya wanaouguza wagonjwa, amelikata lile boga, amelichemsha lote, amemimina mafuta ya mawese mpaka tone la mwisho. Alinipita bila kuniona, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kula, mwana wangu. Haiko ya shamba yetu. Nilinunua. Kula, kula."

Rosette alifungua mdomo. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwa akila kwa utii ule ule wa siku zote, machozi yakiingia pamoja na boga. Mama mkubwa alizidi kuharakisha, akimwaga, akifuta, akimwaga tena, mpaka Edouard akamshika mkono.

"Maman Godelive, acha kwanza. Boga haiko sindano. Inalindaka mutu pole pole, mwezi kwa mwezi. Itamurudishia macho, nakuapia. Lakini ya leo, haiwezi."

Alikitazama kijiko. Kisha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, mimi niliyezaliwa kwenye mji huu na kusikia mengi. Kuna methali ya majuto na mjukuu. Pale chumbani hakuna aliyethubutu kuitamka.

Tulimzika mtoto Jumatatu. Mugisho hakupatikana kwenye simu. Rosette alikaa nyumbani, akala maboga ya kununuliwa, na mafuta, na sombe niliyoileta, na baada ya wiki tatu jioni ilianza kumrudia. Kwanza aliona moto wa jirani, halafu akamwona kuku mweupe.

Wakati huo wote mama mkubwa hakukanyaga shambani. Aliogopa. Alikuwa na hakika kwamba huko machanga yote yamelala chini yameoza, maana mwenye mimba alikuwa ametambaa kutoka mwanzo mpaka mwisho, tena na damu. Nilimwambia twende wote. Siku ya nne ya kumbembeleza akakubali.

Tukaenda mchana. Alama za magoti ya Rosette zilikuwa bado zinaonekana, mfereji mdogo kwenye udongo uliokauka. Mama mkubwa aliinama, akafunua jani la kwanza. Boga lilikuwa pale, limefikia ukubwa wa kichwa cha mtoto. Akafunua la pili. Akafuata mfereji ule kwa magoti yake mwenyewe, jani baada ya jani, shina baada ya shina, kutoka ukingoni mpaka njiani. Hakuna hata moja lililokuwa limeanguka. Yalikuwa yamenona kuliko mwaka mwingine wowote, kwa sababu ya ile mvua.

Alipofika mwisho alibaki amepiga magoti. Aliyanyooshea kidole. Kidole kizima, kilichonyooka, moja moja, kama anayehesabu mashahidi.

"Hata moja, Francine," alisema. "Hata moja."

Akageuka kuelekea nyumbani. Rosette alikuwa amesimama pale ukingo wa shamba, nje kidogo ya majani, amekunja mikono juu ya tumbo ambalo sasa lilikuwa bapa.

"Ingia, mwana wangu!" mama mkubwa alimwita kwa sauti ile ile ya sokoni, lakini imepasuka. "Ingia, pita popote, kata yenye unapenda! Hakuna neno!"

Rosette aliyatazama maboga, kisha akamtazama mama mkwe wake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo siwezi kulisahau.

"Naingia, maman," alisema, akaingiza mguu mmoja kati ya majani. "Sasa mimi sina tena mimba. Sasa njo naweza."